Zana za bure darasani: kipi hubaki mtandao ukikatika?

Mnamo Julai 2020, shule zote nchini zikiwa zimefungwa tangu katikati ya Machi kwa sababu ya Covid-19, maputo makubwa ya Loon, kampuni iliyokuwa chini ya Alphabet, ambayo ndiyo kampuni mama ya Google, yalianza kuelea kilomita 20 hivi juu ya anga letu yakisambaza intaneti kwa wateja wa Telkom Kenya. Eneo lililolengwa lilikaribia kilomita mraba 50,000, na miji iliyotajwa ilikuwa ni yetu sisi wa Bonde la Ufa na magharibi: Nakuru, Kericho, Bomet, Kisii, Kisumu, Kakamega, Eldoret na Iten. Walimu tuliokuwa tukiwatumia wanafunzi maswali kwa WhatsApp, huku nusu yao wakikosa kuyapata, tuliipokea habari hiyo kwa matumaini makubwa. Januari 2021, mwezi uleule shule zilipofunguliwa kikamilifu, Alphabet ikatangaza kwamba inaifunga Loon kwa kuwa haikufaulu kupunguza gharama kiasi cha biashara hiyo kujimudu. Maputo yakashushwa.

Huduma ile haikuwa ya bure, kwa kuwa mteja alinunua bando kama kawaida. Naitanguliza hata hivyo kwa sababu ilituonyesha jambo ambalo sijalisikia likipewa uzito katika semina zetu kuhusu zana za bure za mtandaoni, kwamba kitu kinachomilikiwa na kuendeshwa mbali nawe huweza kuondolewa bila wewe kuulizwa. Tangu wakati huo orodha imerefuka. Edmodo, uwanja ambao walimu wengi duniani waliutumia kugawa kazi na kuzisahihisha, ulifungwa Septemba 2022, na madarasa yaliyokuwa humo yakaisha nao. Flip ya Microsoft, iliyopendwa na walimu wa lugha kwa sababu mwanafunzi aliweza kujirekodi akijieleza, iliondolewa kama huduma ya kujitegemea mwaka 2024. Ubao wa Jamboard wa Google ulizimwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Zote zilikuwa za bure, zote zilikuwa nzuri, na mwalimu aliyejenga masomo yake juu yake alilazimika kuanza upya. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na sijui pahali ambapo methali hiyo imewahi kutoshea vizuri zaidi.

Kwa hiyo mwalimu anaponiuliza ni zana gani ya bure inayofaa darasa lake, nami humuuliza swali moja kabla ya kutaja jina lolote: ukiipakua leo, kisha mtandao ukatike kesho na kampuni iliyoitengeneza ivunjwe mwaka ujao, bado utaweza kufundisha nayo? Ikiwa jibu ni ndiyo, zana hiyo inastahili jioni zako mbili tatu za kujifunza namna inavyofanya kazi. Ikiwa jibu ni la, itumie ukitaka, lakini usiitegemee.

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo tunayachanganya kwa hasara yetu. Bure ni kile usichokilipia. Huria ni kile ulichoruhusiwa kukichukua, kukinakili, kukirekebisha na kumgawia mwenzako. Google Classroom, darasa la mtandaoni la kugawia na kukusanyia kazi lililozinduliwa 2014, ni ya bure kwa shule lakini si huria, kwa maana huwezi kuiweka kwenye kompyuta ya shule yako ukaiendesha mwenyewe. Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni iliyobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa 2002, ni huria, na chuo au shule yenye fundi mmoja mwenye subira inaweza kuisimika kwenye seva yake, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, na kuishi nayo miaka na mikaka. Ni katika mwaka huohuo wa 2002 ambapo jina la rasilimali huria za elimu lilibuniwa katika kikao cha UNESCO, na leseni za kwanza za Creative Commons zikatolewa Desemba yake, leseni ambazo zinamwambia mwalimu wa Bungoma waziwazi kwamba anaweza kuchapisha nakala arobaini za hadithi bila kumwomba mtu ruhusa. Tofauti hii inaonekana ndogo ukiwa mjini Nakuru kwenye ofisi yenye waya wa intaneti ya kasi. Ukishateremka Rongai au ukapanda kuelekea Kuresoi, ndiyo inayoamua kama somo litafundishwa au halitafundishwa.

Muhula uliopita niliketi nyuma ya darasa moja la sekondari msingi upande wa Muhoroni, katikati ya mashamba ya miwa. Kama yalivyo madarasa mengi ya gredi ya 7 hadi ya 9 tangu yalipoanza Januari 2023, lile nalo limo ndani ya uwanja wa shule ya msingi ambayo haikujengewa maabara, kwa sababu walioijenga hawakutarajia kwamba ingewahi kuihitaji. Mwalimu wa Sayansi Jumuishi alikuwa na kipakatalishi chake mwenyewe na projekta ya shule. Aliangaza ukutani saketi ya umeme kutoka kwenye PhET, mkusanyiko wa bure wa vijaribio vya sayansi vya kompyuta, akaunganisha balbu mbili kwa mfululizo, na mwanga wake ukafifia. Akaziunganisha kwa usambamba, zikang'aa. Kisha akakata waya, na darasa zima likaona vidoa vya samawati vinavyowakilisha elektroni vikisimama papo hapo njia nzima, si pale tu waya ulipokatwa. Msichana wa mstari wa pili akainua mkono: "Mwalimu, kwani zilikuwa zimejaa ndani ya waya hata kabla ya kuwasha?"

Nilifundisha fizikia kwa chaki kwa miaka mingi na swali hilo niliulizwa mara chache mno. Mchoro wa ubaoni humwonyesha mwanafunzi betri, waya na balbu, lakini hauwezi kumwonyesha kwamba umeme hautoki kwenye betri kama maji yanayoanza safari kutoka tangini, bali chembe zilizomo tayari ndani ya waya husukumwa zote kwa pamoja. Dhana hiyo potofu ya tangi huwafuata wanafunzi mpaka kidato cha nne, na wengine huingia nayo chuo kikuu. Pale Muhoroni iliyumba kwa dakika saba. Stima ilikuwepo siku hiyo, data haikuwepo kabisa, na haikuhitajika. Mwalimu alikuwa amepakua faili hiyo moja, yenye megabaiti chache tu, alipokuwa mjini Kisumu mwishoni mwa wiki, akaiweka kwenye flashi, na ilifunguka ndani ya kivinjari cha kipakatalishi kama ukurasa mwingine wowote.

PhET ilianzishwa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, aliyekuwa ametunukiwa Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Vijaribio vyake vimetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Naisifu, lakini nisieleweke vibaya. Betri kavu, balbu ya tochi na kipande cha waya hupatikana katika kila kituo cha biashara, na mtoto anayeweza kuvishika kwa mikono yake asinyimwe nafasi hiyo eti kwa sababu kuna picha ukutani. Kijaribio cha kompyuta kina thamani pale ambapo jicho na mkono haviwezi kufika: elektroni ndani ya waya, molekuli za gesi ndani ya chupa, mvutano kati ya Dunia na Mwezi. Kwa upande wa hisabati, GeoGebra, aliyoianza Markus Hohenwarter huko Salzburg mwaka 2001, hufanya kazi ya namna hiyohiyo. Mwanafunzi huvuta kipeo cha pembetatu huku na kule na kuona jumla ya pembe zake ikikataa kuondoka kwenye nyuzi 180. Nayo ikishasimikwa haiombi mtandao.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, na hatimaye zaidi ya milioni moja vikafikishwa katika shule zaidi ya 20,000. Chuo Kikuu cha Moi, jirani yetu wa Eldoret, kilikuwa mmoja wa wasambazaji kikishirikiana na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno. Tuliviongelea vishikwambi hivyo mpaka tukachoka, na karibu hakuna aliyeongelea kisanduku kilicholetwa pamoja navyo, yaani seva ndogo ya maudhui yenye ruta, iliyokusudiwa kuvirushia vishikwambi masomo bila kutegemea intaneti ya nje. Fikra iliyokuwa nyuma ya kisanduku hicho ilikuwa sahihi kabisa kwa mazingira yetu, pengine sahihi kuliko vishikwambi vyenyewe. Lakini masomo yaliyopakiwa mwanzoni yaliandaliwa kabla Mtaala wa Umilisi haujaanza kutekelezwa kote mwaka 2019, na mtaala ulipobadilika, shule nyingi hazikujua kwamba kilichochakaa ni maudhui tu. Nimeonyeshwa visanduku hivyo katika makabati ya walimu wakuu, vikiwa vimefungwa vizuri na nyaya zake zikiwa zimekunjwa, na nilipouliza vinafanya nini niliambiwa kwamba ni mali ya serikali na havipaswi kupotea.

Kinachoweza kufufua fikra ile tayari kipo, nacho hakiuzwi. Kolibri ni programu huria ya shirika la Learning Equality la Marekani, walewale waliotoa KA Lite mwaka 2012 ili masomo ya video ya Khan Academy yaweze kutazamwa mahali pasipo na intaneti. Unaisimika kwenye kompyuta moja, hata iliyozeeka, unaipakia maudhui mara moja kutoka mtandaoni au kutoka kwenye diski ya mwenzako, kisha kompyuta hiyo inakuwa seva ya darasa. Vishikwambi vinajiunga nayo kupitia ruta ya kawaida na kufungua masomo kwa kivinjari. Mwalimu anapanga nani asome nini, na jioni anaona ni nani aliyekwama kwenye hesabu za sehemu na ni nani aliyekwama kwenye desimali. Kiwix nayo, iliyoanza 2007, hufanya hivyo kwa Wikipedia, na toleo zima la Kiswahili linaenea kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu bila shida. Shule inayomiliki kipakatalishi kimoja kizima na ruta moja, hata kama ruta hiyo haijawahi kuunganishwa na mtandao wowote, ina maktaba ambayo bado haijaifungua.

Wako watakaosema kwamba mambo ya seva na usimikaji ni ya vyuo vikuu. Basi na tukitazame chuo kikuu kimoja cha huku kwetu. Maseno, pale penye mstari wa Ikweta, ilikabiliwa na tatizo linalojulikana na kila mhadhiri wa mwaka wa kwanza: mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja wa hisabati, na hakuna binadamu anayeweza kusahihisha madaftari yao kila wiki. Tangu 2019 walimu wa hisabati wa pale wamekuwa wakitumia STACK, mfumo huria wa maswali ulioasisiwa na Chris Sangwin, ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Edinburgh, na ambao hufanya kazi ndani ya Moodle. Mwanafunzi hachagui A, B au C. Anaandika jibu lake mwenyewe kama mlinganyo au usemi wa aljebra, na mfumo unalichambua, unatambua kwamba majibu mawili yaliyoandikwa kwa sura tofauti ni sawa, na akikosea kwa njia inayojulikana unamwambia amekosea wapi. Namba za swali hubadilika kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo kunakili jibu la jirani hakusaidii kitu, ila kumwuliza jirani namna alivyolifikia kunasaidia sana. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kwa sababu mfumo ni huria, wahadhiri huandika maswali yao wenyewe na kuyagawana na wenzao wa vyuo vingine, badala ya kungoja kampuni ya mbali iamue ni lini itawafikiria.

Uandishi huo wa mwalimu mwenyewe unawezekana hata gredi ya kwanza. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliozinduliwa 2014, una hadithi za watoto katika Kiswahili, Lubukusu, Dholuo na lugha nyingine nyingi za Afrika, na yeyote anaweza kuzipakua, kuzichapisha, kuzitafsiri au kuandika yake. Mtaala wetu unataka mtoto wa gredi za chini asome lugha ya eneo lake, na kila mwalimu anayefundisha somo hilo Bungoma au Siaya anajua jinsi vitabu vilivyo vichache. Mwalimu mmoja mwenye bibi msimulizi mzuri nyumbani, akiketi naye alasiri moja na simu ya kurekodia, anaweza kuongeza katika hazina hiyo kitabu ambacho hakijawahi kuwepo. Hapo ndipo ninapoona zana ya bure ikifanya kile ambacho pesa haikufanya.

Kuna bei nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi wa zana 163 za elimu zilizopendekezwa na serikali katika nchi 49, Kenya ikiwa mojawapo, wakati shule zilipofungwa. Kati yake, 145 zilionekana kukusanya au kutumia taarifa za watoto kwa njia zinazohatarisha haki zao. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 33 kinadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Hata hivyo bado naona walimu wema kabisa wakiwafungulia darasa zima la gredi ya 7 akaunti katika huduma ambayo masharti yake yanataka mtumiaji awe na miaka 13, na kuwaelekeza watoto wa miaka 12 kuandika mwaka wa uongo wa kuzaliwa. Somo la kwanza la kidijitali tunalompa mtoto huyo linakuwa ni kudanganya kwenye fomu. Kijaribio cha PhET kilichofunguliwa kutoka kwenye flashi hakimuulizi mtoto jina, na taarifa za Kolibri zinabaki ndani ya kompyuta iliyoko ofisini kwa mwalimu.

Kuhusu akili unde (AI) nitasema machache. Walimu wengi tayari wanaitumia kuandaa maazimio ya kazi, na siwalaumu, kwa sababu makaratasi tunayodaiwa yamezidi. Toleo la bure linaweza kukupa rasimu nzuri ya maswali ya jiografia, na dakika hiyohiyo likakupa sentensi ya Kiswahili iliyovuruga ngeli au mada ambayo haimo kwenye mtaala wetu. Mwalimu anayeijua mada yake atayaona makosa hayo. Asiyeijua atayapeleka darasani.

Hivyo gharama halisi ya zana hizi zote ni muda wa mwalimu: saa za kupakua, kujaribu, kukosea na kujaribu tena, saa ambazo hazimo kwenye ratiba yake na ambazo tathmini ya utendakazi haizihesabu. Tunamtaka azitoe usiku, kwa bando lake, kwenye kipakatalishi alichokopea chamani. Mwalimu wa Muhoroni alifanya hivyo kwa sababu anaipenda sayansi, lakini mfumo wa elimu hauwezi kujengwa juu ya upendo wa watu wachache, na yeye akihamishwa kesho, elektroni zile zitahama naye.

Hili halihitaji zabuni wala mkutano Nairobi. Kila zoni ina afisa wake wa usaidizi wa mtaala, ambaye huzunguka shuleni na kukutana na walimu wakuu kila muhula. Apewe diski moja ya nje yenye Kolibri na masomo yaliyochujwa kulingana na gredi zetu, vijaribio vya PhET, GeoGebra, Wikipedia ya Kiswahili na hadithi za lugha za eneo lake, pamoja na maudhui ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala yanayoruhusiwa kunakiliwa. Uchujaji wenyewe wapewe walimu wanaofundisha madarasa hayo, wakutane siku mbili za likizo ya Agosti katika chuo cha ualimu kilicho karibu, walipwe nauli na chakula, na saa hizo ziandikwe kama mafunzo ya kazini. Walimu wakuu nao waje na visanduku vilivyo makabatini, ili fundi avijaribu kimoja baada ya kingine na kutenga vilivyo hai na vilivyokufa. Siku ile Muhoroni, kabla sijaondoka, walimu wawili wa shule jirani walikuwa wamekwisha kuja na flashi zao, wakisubiri nje ya mlango mpaka kengele ilie.